Ukitaka kuiga akili ya msemaji, anza na kipepeo

Vijana wengi wanaokuja kwangu hapa Mwanga, Kigoma, wakitaka kuunda mtandao wa neva (programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano) unaoiga namna mtu anavyochakata lugha, huuliza kwanza watapata wapi maandishi mengi. Hilo liache. Laptopu ya kawaida na maneno machache yanatosha, ilimradi una swali.

Mwaka 1990 Jeffrey Elman, mtafiti wa lugha na akili, alitumia maneno 29 ya Kiingereza, katika sentensi za maneno mawili matatu. Kazi ya mtandao wake ilikuwa kutabiri neno linalofuata. Kila hatua, hali ya tabaka la kati, yaani sehemu iliyo kati ya neno linaloingia na utabiri unaotoka, ilinakiliwa na kurudishwa ndani pamoja na neno jipya. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake. Hakuna aliyeufundisha nomino wala kitenzi, lakini tabaka la kati lilipochunguzwa, nomino zilikuwa zimejitenga na vitenzi, na viumbe hai vimejitenga na vitu.

Sisi tuna ngeli, na hapo pana utajiri mno! Kisu kimeanguka, ila kiboko ameanguka. Umbo linavuta huku, uhai kule. Mtoto wa jirani yangu, ambaye nyumbani kwao wanasema Kiha (nayo ina ngeli zake), husema "kiboko kimelala", na kesho yake "amelala". Kuyumba huko ndiko ninakotaka modeli ikuoneshe.

Fanya hivi: kata maneno vipande, ki-pepeo, m-kubwa, a-me-anguka, la sivyo mtandao hautaiona ki-. Upe visu, vikombe, viboko na vifaru pamoja na vitenzi vyake. Kipepeo, mpe katika "Juma amemwona kipepeo mkubwa" tu, kamwe asiwe mtenda. Kidokezo kwamba kipepeo ana uhai, yaani ile m- ya mkubwa, lazima kije baada ya nomino, kwa sababu mtandao wa aina hii hulijua neno kwa yale yanayolifuata. Halafu anza sentensi na kipepeo, uone mtandao unatarajia ki- au a-.

Usibadilishe data katikati ili upate makosa yanayofanana na ya mtoto. Modeli ya Rumelhart na McClelland ya 1986, iliyojifunza wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza, ilianza na vitenzi 10, kisha ikaongezewa 410 kwa mkupuo, na mwaka 1988 wakosoaji wake, Pinker na Prince, waliibana hapo hapo: makosa yake ya kitoto yalitokana na badiliko hilo la data.

Tena, uzito wa mwanzo, yaani nguvu ya viungo vya mtandao kabla haujajifunza, hupangwa kwa bahati nasibu. Fundisha mitandao kadhaa, uripoti yote, hata ile iliyokukatalia.