Barua kwa mwanangu: siku ya bustani na kitabu

Mikanjuni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Katika barua yako umenieleza kwamba huko Uingereza baridi imeanza kulegea, majira ya kuchipua yameingia, na umepata siku nzima isiyo na kazi wala mgeni. Ukaniuliza, "Baba, wewe huigawaje siku kama hiyo kati ya bustani na kitabu, na kwa nini mimi nikishinda nyumbani huona nimeipoteza?"

Nianze na mgawanyo, maana kwetu jua ndilo linaloamua. Mwezi huu wa Machi kaskazi imepungua nguvu na masika tunayatazamia wakati wowote, kwa hiyo kazi ya udongo haiahirishiki. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, nami huwa nimekwisha kuswali na kunywa chai ya mchaichai. Tuta la mchicha ndilo hunichukua muda kuliko yote, na ndilo nilipendalo zaidi. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo mno na zenye kuteleza; ukizimwaga hivi hivi hurundikana mahali pamoja, miche ikasongana na kukonda. Mimi huzichanganya na mchanga mkavu katika kibakuli, nikautiririsha mchanganyiko huo kati ya vidole juu ya vifereji nilivyovichora kwa kijiti, nikafunika kwa udongo kiasi cha kuzificha tu, kisha nikatandaza makuti ili maji ya kwanza yasizisombe. Bamia hazina shughuli kubwa: mbegu hulowekwa usiku, asubuhi zikafukiwa mbilimbili, basi.

Ifikapo saa nne jua huwa limekuwa kali. Hapo hunawa, nikaketi barazani kwenye upepo wa bahari na kitabu nilichokiazima maktaba ya mkoa, na simu huiacha chumbani kwa makusudi. Hadithi huzisoma kimya. Mashairi huyasoma kwa sauti, hata kama wapitao watanisikia, kwa sababu mshororo wa mizani 16 haunikai sawa mpaka niupitishe ulimini, na mara nyingi husoma ubeti mmoja mara tatu au nne kabla ya kugeuza ukurasa. Alasiri jua likishapoa, hurudi kumwagilia.

Sasa kuhusu kuona umeipoteza siku. Nadhani kazini umezoea kuipima siku kwa kile unachoweza kukionyesha jioni, na mambo haya mawili hayana cha kuonyesha jioni ile ile. Mchicha nilioupanda leo nitauchuma baada ya wiki tatu au nne. Shairi nililolisoma leo huenda nikalielewa nikiwa napalilia siku nyingine kabisa. Mimi sihesabu kurasa, na wewe nakuomba usizihesabu, kwa kuwa umesoma kwa mashindano tangu darasa la kwanza na sasa hakuna anayekutahini.

Hata hivyo, usiifuate ratiba yangu kama ilivyo. Hapa Tanga urefu wa mchana hautofautiani hata kwa saa moja mwaka mzima, lakini huko kwenu siku zinarefuka haraka, na mwezi wa Juni jua la London halizami mpaka baada ya saa tatu usiku. Asubuhi udongo wako bado ni baridi kama maji ya mtungi, kwa hiyo igeuze siku: soma kwanza karibu na dirisha, na bustani uiendee mchana joto likishapanda. Mchicha na bamia hufa umande ukiganda usiku, na huko waweza kuganda hata mwezi wa Mei. Otesha miche ndani ya nyumba, kwenye vikopo vilivyotobolewa chini, uitoe nje mwanzoni mwa Juni.

Mbegu ulizoniomba sitazituma kwa posta, kwani zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Nenda kwenye maduka ya watu wa Jamaika, uulize callaloo. Wao huuita hivyo mchicha huu huu. Utakapochipua, niandikie majani yake ni ya kijani au yana wekundu, nami nitakueleza namna ya kupunguza miche iliyosongana.

Wako akupendaye,
Baba