Pinde za mtumba: maswali yenu, majibu ya fundi

Kila majira ya joto yanapoanza huku Marekani, watu hufungua gereji zao na kuuza vya zamani, na maswali ya pinde humiminika. Safari hii yamekuja pia ya Uingereza na Kenya. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Nimenunua upinde wa Bear Grizzly kwa dola 60 kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya gereji. Kwenye maandishi yake kuna "1953". Ni wa mwaka huo kweli? (Lansing, Michigan)

Marahaba. Si lazima, na wauzaji wengi wamenaswa hapo hapo, wengine kwa makusudi. 1953 ni mwaka wa hataza ya Kanada ya ubunifu wa Fred Bear, mwenye kiwanda cha pinde za Bear. Pinde zilizotoka kiwandani miaka mingi baadaye ziliendelea kuandikwa hivyo hivyo.

Tazama jina la mji. Kiwanda kilikuwa Grayling, huko huko Michigan kwenu, kuanzia 1947, kikahamia Gainesville, Florida, mwaka 1978. Kisha tafuta sarafu ndogo iliyopachikwa kwenye mbao za mshiko. Ya metali, iliyolala sawasawa na mbao, inakupeleka kati ya 1959 na mwanzo wa miaka ya 1970. Ya plastiki iliyotuna ni ya baadaye. Kama hakuna sarafu wala kovu la kung'olewa, hapo ndipo uanze kuota miaka ya 1950.

Dola 60 kwa Grizzly mzima ni bei ya kushukuru Mungu. Ila uwe mzima.

Nitajuaje kama ni mzima? Muuzaji alitaka kuuvuta mbele yangu, nikamkataza. (Baba wa watoto wawili, Columbus, Ohio)

Ulifanya vizuri sana kumkataza. Upinde uliokaa darini miaka 30, juani kiangazi na barafuni kipupwe, hauvutwi ili kuona kama unavutika. Gundi iliyobandika tabaka za mbao na faiba (nyuzi za kioo) huenda imeshachoka, na mkono wa upinde, yaani upande mmoja unaopinda, ukipasuka ukiwa umevutwa, vipande huruka usoni.

Anza bila upote, ile kamba ya upinde. Utoe nje kwenye mwanga wa jua, ugeuze polepole, utazame kingo za mikono yote miwili, pale unapoona mistari ya mbao na faiba zilizolaliana. Pitisha ukucha kwenye mistari hiyo. Ukucha ukizama, pameachia. Halafu chukua pamba, uipitishe taratibu kuanzia mshikoni hadi nchani, mbele, nyuma na kingoni. Popote itakapoacha nyuzi, simama: pana kibanzi kilichoinuka, hata kama jicho halikukiona. Kama faiba ni ile ya kupitisha mwanga, angalia doa jeupe lenye ukungu chini yake. Pale gundi haishiki tena.

Nyufa je? Hapa watu hutupa pinde nzuri bure. Vimistari vyembamba vinavyokwenda kwa urefu wa mkono ni vya kawaida kwenye faiba ya zamani na mara nyingi havina neno. Mstari unaokatiza mkono, kutoka ukingo hadi ukingo, ni habari nyingine. Huo nautundika ukutani bila mjadala. Kagua pia zile ncha mbili ambamo upote hukaa, maana upote uliokuwa mbovu huzitafuna.

Ukipita hapo, funga upote kwa kamba ya kufungia, ile yenye mifuko miwili ya ngozi ya kuvisha nchani. Usiupitishe upinde katikati ya mapaja kama wanavyofanya kwenye sinema. Ndivyo mikono inavyopindika. Uache umefungwa saa moja, ukague tena kwa pamba. Kisha vaa miwani ya kinga, uvute inchi chache na urudishe taratibu, uongeze kidogo kidogo, huku sikio likiwa kazini. Mlio mkavu wa "tik" ni amri ya kuacha. Na usiachie upote bila mshale, hata mara moja, hata kwa mzaha. Nguvu ambayo mshale ungeondoka nayo inarudi yote mikononi mwa upinde.

Upinde wangu umeandikwa inchi 58. Dukani wamenipa upote mwembamba wa kisasa, wanasema unaongeza kasi. Niufunge? (Columbus pia)

Urudishe. Nyuzi za kisasa hazinyumbuki, na mshtuko wake wote huishia kwenye ncha, ambazo kwenye pinde za zamani hazikuimarishwa. Omba wa dakroni, uzi wa poliesta unaouzwa kwa jina la B-50 au B-55. Kasi utakayopoteza ni ndogo. Ncha ikikatika hakuna wa kukuuzia nyingine.

Urefu: pinde zilizopimwa kwa utaratibu wa AMO, chama cha watengenezaji wa vifaa vya pinde, huvaa upote uliopungua inchi 3, kwa hiyo wako ni wa inchi 55. Ukishaufunga, pima kutoka sehemu ya ndani kabisa ya mshiko hadi kwenye upote. Kwa upinde wa aina hiyo anzia karibu inchi 7.5 hadi 8. Kipimo kikiwa chini ya hapo, fungua, sokota upote mizunguko michache, upime tena. Tulia pale ambapo kelele inapungua.

Ncha moja imepinda pembeni, upote haukai kwenye mfereji wake. Nimeambiwa niutupe. (Minneapolis)

Nani kakwambia? Huo ndio ugonjwa rahisi kuliko yote, na ndio unaoshusha bei kuliko yote. Hizo ndizo ninazopenda kununua.

Vua upote. Mwagia mkono uliopinda maji ya moto ya bombani, yasiyochemka, au upashe kwa draya ya nywele huku ukiihamisha-hamisha, hadi uwe wa moto lakini unashikika. Ushike mshikoni na karibu na ncha, uusokote kinyume na ulikopindia, upitilize kidogo, uushikilie hadi upoe. Funga upote, utazame kutoka nchani hadi mshikoni. Haujanyooka? Rudia. Mara nyingi hauji kwa mkupuo mmoja, wala usiulazimishe kwa moto wa jiko: moto huyeyusha gundi, ukabaki na vipande vilivyonyooka vizuri. Baada ya hapo uweke bila upote, umelazwa juu ya vigingi viwili. Kuusimamisha kwenye kona ya kabati ndiko kulikoupinda.

Mume wangu anataka kuupiga msasa wa mashine upinde wote, aupake vanishi mpya. Nimzuie? (Dallas, Texas)

Mzuie, dada, tena leo. Nguvu ya upinde imo kwenye tabaka la nje la faiba. Msasa ukilifikia unakata nyuzi zake, unaulegeza mkono mmoja kuliko mwingine, na maandishi ya uzito na urefu yanaondoka. Vumbi lake nalo linawasha ngozi na halifai mapafuni.

Aanze kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, aukaushe, aupake nta. Pinde nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Ule umanjano ni vanishi iliyokomaa, na mimi naupenda. Kama vanishi inabanduka kweli, aikwangue kwa mkono, kwa sufu ya chuma laini kabisa, aishie kwenye vanishi. Matundu ya skrubu kwenye mshiko ajaze epoksi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Tundu la skrubu kwenye mkono unaopinda halizibwi, na upinde huo haupigi tena.

Binti yangu ana miaka 15 na hajawahi kupiga. Upinde niliompata una alama ya 50#. Si uzee utakuwa umeupunguza nguvu? (Toronto)

Faiba haizeeki hivyo. Hizo ni paundi 50 ukivutwa inchi 28. Yeye akivuta inchi 26 atabeba pungufu kidogo, bado nyingi mno. Mtafutie wa paundi 25, huo uuweke.

Nimepata upinde wa Apollo, wa mirija ya chuma, wa kiwanda cha Accles & Pollock. Naweza kuufufua? (Leicester, Uingereza)

Ung'arishe, uutundike. Mirija ile hula kutu kwa ndani, usipoona, na hukatika bila kutoa ishara yoyote. Ushauri huo huo kwa Seefab, upinde wa chuma wa Uswidi.

Habari fundi. Marehemu babu, Mkamba, aliacha uta na podo lenye mishale. Vichwa vya mishale vimefungwa ngozi. Nataka kusafisha vyote nivipake vanishi. (Kitui, Kenya)

Pole kwa babu. Kabla ya yote, ile ngozi usiifungue. Chini yake huenda kuna kitu cheusi kama lami: sumu iliyopikwa kutokana na mti wa jamii ya Acokanthera, na sumu yake, ouabaini, husimamisha moyo ikiingia kwenye damu. Ngozi ilizungushwa makusudi, kumkinga mwenye podo na kuikinga sumu isiharibike. Ikikingwa hivyo inaweza kubaki kali kwa miaka mingi. Usikwangue, usipige msasa, usishike kwa mkono wenye jeraha, na watoto wasisogee. Vaa glavu, lifunge podo kwenye sanduku, kisha uwaulize Makumbusho ya Taifa, Nairobi, namna ya kulihifadhi. Wao wanahifadhi vitu vya aina hiyo.

Uta wenyewe usiuvute. Mti uliokauka miaka yote hiyo hukatika. Vanishi pia hapana. Ule weusi wa pale babu alipokuwa akishika ndio wenye thamani. Futa vumbi kwa brashi laini. Ukiona vitundu vyenye unga mpya chini yake, fukusi bado wamo: ufunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa, uuweke kwenye friza wiki mbili, uutoe, uuache ndani ya nailoni hadi upate joto la chumba ndipo ufungue. Kama upote ni wa kano, usiulowanishe na usiukaze.