Jibu: Nyumba ya bibi Mji wa Kale, fundi wa Kondele

Ndugu, umesema bibi amekuachia nyumba Mji wa Kale, Mombasa, nawe uko hapa Kisumu, na unataka kumpeleka fundi wako wa Kondele avunje ukuta wa kati upate sebule kubwa, apige lipu ya saruji, amalizie na rangi ya mafuta. Nyumba yetu iko mitaa hiyo hiyo na ukarabati wa ndani niliusimamia mwenyewe, nikienda na kurudi. Huo ukuta usiguswe.

Vyumba vya kule ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inalala juu ya boriti za mkoko, na boriti haivuki sana mita 3. Ukuta unaouona wa bure ndio uliobeba vichwa vya boriti za pande zote mbili.

Haya, saruji. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu wa ardhini hupanda ndani yake pamoja na chumvi, na miaka yote umekuwa ukitokea taratibu kwenye lipu ya chokaa. Ukipiga saruji umeuzibia njia, basi unapanda hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, vinaozea humo humo. Kwetu mpangaji alikuwa amepiga saruji chumba cha chini. Tulipoibandua, jiwe la nyuma lilikuwa unga mtupu, ukipitisha kidole linamwagika. Boriti ya juu yake ilionekana nzima, lakini bisibisi ilizama mpaka mpini. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pita na bisibisi ujaribu kila boriti pale inapoingia ukutani. Katikati yake isikudanganye.

Lipu iwe ya chokaa iliyorowekwa ikakaa, kwa tabaka nyembamba, na ukuta uloweshwe kwanza. Mtafute mwashi wa kule kule. Wa huku aliyezoea tofali na saruji ataona unampotezea siku. Rangi nayo iwe chokaa. (Ukiegemea itakuchafua nguo, mama hulalamika mpaka leo.)

Mtaa wenyewe unalindwa kisheria, kwa hiyo pitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kubadilisha kitu.

Fundi wako wa Kondele mpe umeme, ila asichimbe ukuta kuficha waya. Aupitishe nje, ndani ya paipu, sambamba na boriti.