Sindano Ikikaa kwenye Mchirizi

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako limenichekesha peke yangu hapa: umemtumia meneja wako Mmarekani muziki wa lile tangazo, akakujibu neno moja tu, "groovy", nawe hujui kama umesifiwa au umechekwa. Umesifiwa. Ila ngoja nikueleze, maana mimi na marehemu baba yako tulilala na kuamka na santuri, na sifa iliyomo kwenye neno hilo imetoka humo humo.

Unaikumbuka ile sahani nyeusi ya santuri uliyoikwaruza kwa uma ukiwa na miaka minne? Ukiiinamisha kwenye mwanga utadhani ina mistari mamia. Kumbe ni mchirizi mmoja tu, umejizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Kwa Kiingereza mchirizi huo ni "groove". Sindano hupita humo, kuta za mchirizi zikaitikisa, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Ikikaa sawasawa, muziki unateleza. Ikiruka, mwimbaji anarudia silabi ile ile hadi mtu ainuke kwenye kiti. Baba yako alikuwa akibandika sarafu juu ya mkono wa sindano ili utulie. Ulitulia kweli, lakini sahani zikawa zinalika taratibu, na tuligombana sana kwa hilo.

Basi, miaka ya 1930 wanamuziki wa jazi huko Marekani wakawa wanasema mtu "yumo kwenye mchirizi" pale bendi inapoelewana, besi na ngoma zikashikana, na hakuna anayelazimisha. Hapo ndipo "groovy" ikapata maana ya kitu kizuri, na miaka ya 1960 vijana wakaibandika kila mahali: shati, gari, mchumba. Kichekesho ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 neno hilo hilo lilikuwa la kumsema mtu wa mazoea, asiyebanduka kwenye njia yake.

Kufikia miaka ya 1980 lilikuwa limeshachuja, kama "bomba" ninavyoitamka mimi nawe ukafumba macho kwa aibu. Anayelisema leo ama ni rika langu, ama anatania kwa upole. Ukipewa ratiba mpya ukajibu "groovy", mwenzako atasikia "poa kabisa" pamoja na tabasamu. Usilitie kwenye barua ya kuomba kazi wala kwenye salamu za rambirambi. Wala usisifu nguo za mteja kwa neno hilo, atajiuliza kama zimepitwa na wakati.

Kwenye muziki wenyewe, hata hivyo, halijazeeka hata kidogo. Mdundo unaokutikisa mabega kabla hujaamua kucheza bado unaitwa hivyo, na wanaouita hivyo hawatanii.

Sasa, ile kazi uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Pale besi inapoingia, kabla ya yule mama kuanza kuzungumza, nilikuwa naosha vyombo. Niliacha sahani ndani ya maji.

Meneja wako ana masikio. Mjibu asante, kisha umwulize malipo yanaingia lini.

Mama yako