Goti la mwalimu msimu wa korosho

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 52, nafundisha karate jioni hapa Mikindani. Kuanzia Oktoba mchana napakia magunia ya korosho. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi na nikigeuka kupiga teke. Niache kufundisha?

JIBU: Marahaba. Usiache, mwalimu, ila siku za magunia fundisha kwa mdomo; mateke yaonyeshwe na wanafunzi wako wakubwa. Goti halijui kazi ipi ni ghala na ipi ni karate, linahesabu mzigo wote pamoja.

Angalia mguu unaosimamia kwenye mawashi-geri, lile teke la kuzungusha. Kwenye saruji, unyayo wenye jasho hunata: nyonga inazunguka, mguu umebaki, na msokoto wote unaishia gotini. Inua kisigino kidogo, zungukia sehemu ya mbele ya unyayo mpaka kisigino kielekee unakopiga. Ghalani ni vivyo hivyo: ukiwa na gunia, geuka kwa kupiga hatua, usijisokote kiuno.

Mara 3 kwa wiki simama kwenye kidaraja (kingazi) chenye kimo cha sentimita 15, ushuke kwa mguu mmoja polepole, sekunde 3, goti lisiangukie ndani. Mara 8, mizunguko 3. Maumivu madogo si tatizo yakiisha kufikia asubuhi. Yakibaki, tumia kidaraja kifupi zaidi.

Goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla, acha mazoezi, nenda Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, wakalipime. Dawa ya maumivu kabla ya darasa tunaikataa kabisa: inaficha onyo.