Maswali ya Wasomaji: Pakiti Zinarudi kwa Njia Gani?

Swali: Ndugu Mhandisi, ninasimamia mitambo ya kampuni ndogo ya intaneti hapa Uyole, Mbeya. Tuna mkongo wa kwenda Dar es Salaam, ambako tumejiunga na TIX, kituo cha kubadilishana data, na tuna kiungo cha akiba kinachopita Tunduma kwenda Zambia. Wateja wanalalamika kwamba video zinachelewa kuanza. Nikipima kwa programu ya traceroute, inayoonyesha vituo ambavyo data hupitia, kuelekea seva ya mtandao wa kusambaza maudhui, yaani CDN, unaoweka nakala za video na kurasa karibu na watazamaji, iliyoko Dar es Salaam, njia inaonekana fupi na haitoki nje ya nchi, lakini muda wa kwenda na kurudi ni milisekunde 160, hata saa kumi alfajiri. Kosa liko wapi? *Msomaji, Uyole*

Jibu: Ndugu msomaji, kipimo chako cha alfajiri kimetupunguzia kazi kubwa. Kama viungo vingekuwa vimejaa, muda ungeshuka wateja wakiwa wamelala na kupanda tena jioni. Muda usiobadilika unaonyesha kwamba tatizo ni urefu wa njia. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za umbali huongeza milisekunde moja katika safari ya kwenda na kurudi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilomita zipatazo 830, na hata tukijumlisha mizunguko ya mkongo na muda wa vifaa vya njiani, milisekunde 20 hivi zingetosha. Milisekunde 160 zinatosha kufika Ulaya.

Traceroute uliyoiendesha kutoka Uyole inaonyesha njia ya kwenda peke yake. Njia ya kurudi huchaguliwa na mitandao ya upande wa pili kwa BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuambizana njia za kufikia anwani, na ambayo haipimi muda kabisa: huangalia sera na makubaliano ya kibiashara, kisha idadi ya mitandao itakayovukwa, na juu ya hayo yote ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data, hufuata tangazo la anwani lililo finyu zaidi, lenye anwani chache. Hapo ndipo ninapolishuku kosa lenu. Wapo wahandisi wanaotangaza anwani zao kwa jumla pale TIX, tuseme /22 (anwani 1,024 kwa pamoja), halafu wakatangaza vipande vya /24 (anwani 256 kila kimoja) kwa mtoa huduma mwingine ili kugawanya mzigo. Ruta ya Dar es Salaam ikisikia matangazo yote mawili itaifuata /24 kila mara, hata kama njia hiyo inapanda hadi London, ikashuka Johannesburg na Lusaka, ndipo ikaingia Tunduma. Ni kama gunia la viazi la kutoka Uyole kwenda Tukuyu kupitishwa kwanza Dar. Tangazeni vipande vilevile vya /24 pande zote mbili, na upande wa kiungo cha akiba rudieni namba ya mtandao wenu ndani ya tangazo mara mbili au tatu ili njia hiyo ionekane ndefu.

Kabla ya kubadilisha chochote, waandikieni wahandisi wa CDN hiyo, kwa sababu wao wanaiona njia kutoka upande msioweza kuuona ninyi. Kila mteja wenu anapofungua ukurasa, seva yao inaweza kupima muda unaopita kati ya data iliyotumwa na uthibitisho wa kwamba imepokelewa, bila kuongeza hata pakiti moja, yaani kifurushi kidogo cha data, na vipimo hivyo vikapangwa kwa kila kundi la anwani. Mwaka 2009 Google walieleza, kupitia mfumo wao wa WhyHigh, kwamba kumpeleka mteja kwenye seva iliyo karibu naye hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya waliokuwa karibu walicheleweshwa na njia mbovu au na foleni za pakiti. Facebook, katika mfumo wa Edge Fabric waliouchapisha mwaka 2017, walikwenda mbali zaidi: sehemu ndogo ya mawasiliano halisi hupitishwa kwenye njia mbadala, na matokeo yakalinganishwa na ya njia iliyochaguliwa na BGP. Ninaamini kwamba vipimo vya aina hii vina thamani kubwa zaidi kwa mitandao midogo ya Nyanda za Juu Kusini kuliko kwa mikubwa, maana mdogo hana mitambo ya kupimia nje ya nchi. Wapelekeeni anwani zenu na saa mlizopima, na muwaombe traceroute inayotoka kwenye seva yao kuja Uyole.

Swali: Shikamoo. Ninasoma chuo hapa Iringa. Rafiki yangu anasema nikibadilisha seva ya DNS kwenye simu, ile inayotafuta anwani ya tovuti kutokana na jina lake, intaneti itaongeza kasi. Je, ni kweli? *Mwanafunzi, Iringa*

Jibu: Marahaba. Inategemea jinsi CDN inavyokuchagulia seva. Baadhi hutangaza anwani moja kutoka miji mingi na kuiachia BGP uamuzi. Kwa hizo, DNS haina athari kubwa. Nyingine, Akamai ikiwemo, hukadiria mahali ulipo kwa kuiangalia seva ya DNS iliyouliza kwa niaba yako, hivyo ukiulizia kupitia Ulaya unaweza kuletewa video kutoka Ulaya wakati nakala yake ipo Dar es Salaam. Mwaka 2016 ulichapishwa utaratibu wa kupeleka pia sehemu ya anwani ya muulizaji, ingawa baadhi ya huduma za DNS haziutumii kwa ajili ya kulinda faragha. Baki na DNS ya mtoa huduma wako, isipokuwa umepima mwenyewe ukaona nyingine inakufaa zaidi.

Swali: Je, hao wa CDN wanaopima muda wa data zetu wanasoma ujumbe wangu? *Mama, Njombe*

Jibu: Mama, kupima muda hakuhitaji kusoma kilichomo. Hata hivyo CDN huijua anwani yako ya IP na saa uliyofungua ukurasa, na kwa tovuti nyingi inazozihudumia, yenyewe ndiyo inayofungua usimbaji. Swali la data hizo kuhifadhiwa kwa muda gani mwulize mwenye tovuti, ambaye anapaswa kulijibu katika sera yake ya faragha.