Kazi Hii Inamfaa Nani? Majibu ya Barua Zenu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wenye ajira na mshahara unaoingia kwa wakati, ila hawaoni tena kazi yao ni ya nini. Tumechagua nne. Majina tumeyaacha kwa makusudi.

Wahariri, salaam. Ni mtunza kumbukumbu katika masijala ya halmashauri, mwaka wa sita sasa. Napokea barua, naiweka kwenye jalada, napeleka kwa afisa, jalada linarudi, nalirudisha kabatini. Wenzangu wakiulizwa wanafanya nini, mmoja anajenga barabara, mwingine anatibu watu. Mimi nabeba mafaili. Siku hizi nasukuma siku tu. Nipateje moyo wa kazi? – Msomaji, Geita

Ndugu yetu, moyo uache kwanza. Tafuta jalada la mtumishi mmoja anayekaribia kustaafu, ulifungue, uangalie kama yafuatayo yamo: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, barua za uhamisho, na tarehe ya kuzaliwa inayofanana kila inapotajwa. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, hulipa mafao kwa nyaraka. Kwamba mkuu wa idara anamkumbuka mzee huyo tangu enzi zile, hilo halimsaidii kitu. Barua moja ikikosekana, anayepanda basi kwenda kuitafuta kwenye halmashauri aliyohama miaka 20 iliyopita ni mstaafu mwenyewe, wakati huo mshahara umekwisha na nauli inatoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo kazi yako ina mtu mwisho wake, ila hujawahi kumwona, kwa sababu jalada likitoka mikononi mwako hakuna anayekurudishia habari lilikoishia. Pengo hilo unaweza kuliziba mwenyewe bila kusubiri semina.

Anza kwa afisa utumishi. Majalada ya watumishi ni ya siri na huna ruhusa ya kuyapekua kwa nia njema tu, kwa hiyo omba kibali, ikiwezekana cha maandishi. Mwombe orodha ya watumishi wenye miaka 58 na 59, kwa kuwa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Wale wa miaka 55 wanaoweza kuondoka kwa hiari wafuate baadaye. Kagua majalada matano kwa wiki, usizidishe, maana kazi zako za kila siku hazitakungoja. Chora jedwali lenye safu hizi: namba ya utumishi, jina kama lilivyo kwenye barua ya kwanza, tarehe ya kuzaliwa, folio (namba ya barua ndani ya jalada) ya barua ya ajira, folio ya barua ya kuthibitishwa, cheo cha mwisho, kinachokosekana, na mwisho kabisa tarehe mafao yalipolipwa.

Kasoro utakazozikuta zina sura chache, na kila moja ina dawa yake. Jina la kati limeachwa, au limeandikwa kwa herufi tofauti: mwenyewe aitwe aanze taratibu za kiapo cha kuthibitisha jina angali kazini. Folio zinaruka, 3, 4, kisha 7: mtu alichomoa barua akatoe nakala na hakuirudisha, kwa hiyo anza kuulizia kwenye meza za ndani kabla ya kuandikia mkoa mwingine. Jalada ni jembamba kuliko miaka ya utumishi: mara nyingi kulifunguliwa jalada la muda wakati la asili limepotea, na la asili lilipopatikana hakuna aliyeyaunganisha. Barua ya ajira haipo kabisa: iandaliwe barua ya kuomba nakala kwa mwajiri wa zamani, isainiwe na mkurugenzi. Miaka miwili inatosha kufuatilia barua ya namna hiyo. Wiki mbili kabla ya mtu kuagwa hazitoshi.

Mwombe afisa utumishi jambo moja zaidi: kila mstaafu akilipwa, akuambie. Hapo ndipo safu ya mwisho inajazwa. Na kazi hii iingize kwenye malengo yako katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya OPRAS, kwa kipimo kinachohesabika, mfano majalada 60 yaliyokamilishwa kwa robo mwaka. Kazi isiyo kwenye mfumo haionekani wakati wa tathmini, hata kama ofisi nzima inaitegemea.

Ukinyimwa kibali, fanya jambo linalofanana na hilo kwenye masijala ya wazi. Chagua malalamiko ya ardhi, andika tarehe barua ilipoingia na tarehe ilipojibiwa, na ilikaa meza gani siku ngapi. Mpe mkuu wako takwimu hizo kila mwezi, bila kumtaja mtu kwa ubaya. Hatukuahidi kwamba kugonga mihuri kutakuwa kutamu. Kutabaki kugonga mihuri, ila utajua ni kwa ajili ya nani.

Nasimamia kitengo cha huduma kwa wateja katika mamlaka ya maji. Bosi anataka tuandike upya dira na dhima, tuzitundike kila ofisi, kisha semina ya siku mbili hotelini ili wafanyakazi wajione sehemu ya taasisi. Bajeti ipo. Itasaidia? – Msimamizi, Dodoma

Chai ya hotelini huwa nzuri. Zaidi ya hapo, usitarajie mengi.

Mwaka 2007 mtafiti Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Marekani katika Chuo Kikuu cha Michigan, kwa wafanyakazi wanaopiga simu kuomba michango. Fedha hizo hulipia masomo ya wanafunzi, lakini wapiga simu hawakuwa wakiwaona wanafunzi hao. Kundi moja lilisoma barua ya mwanafunzi aliyefaidika, kisha likazungumza naye ana kwa ana kwa dakika chache tu. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili, na fedha walizokusanya vivyo hivyo. Waliosoma barua bila kukutana naye hawakubadilika. Maneno ya ukutani ni barua tu, tena haina hata jina la mwandishi.

Sasa lifanyeni kwenu. Mara moja kwa mwezi, kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi, mwalikeni mteja mmoja kwa dakika kumi. Awe amehudumiwa siku za karibuni: mwalimu mkuu ambaye shule yake imeunganishiwa maji, au mama lishe aliyerekebishiwa ankara. Aulizwe alikuwa akifanyaje kabla, ni wapi mlimchelewesha, na nini kimebadilika kwake. Swali la pili ndilo gumu, na wengi watataka kuliondoa. Likiondoka, mgeni atasifia, watu watapiga makofi, na kufikia mwezi wa tatu kila mmoja atakuwa na udhuru wa kutohudhuria. Mkurugenzi asihutubie siku hiyo. Mteja asipigwe picha akipokea kitu.

Lakini mgeni peke yake hafui dafu kama kazi yenyewe imekatwakatwa. Msoma mita anaripoti bomba linalovuja, anarudi mwezi ujao analikuta linavuja vilevile, na hajui kama ripoti yake ilisomwa. Mtu huyo hata umletee wageni kumi, mwezi wa nne ataacha kuripoti. Wekeni ubao mmoja pale wasoma mita wanapochukua vifaa: tarehe ya taarifa, jina la aliyetoa, tarehe ya matengenezo, nyumba ngapi zilirudishiwa maji. Kama halijatengenezwa, iandikwe sababu, hata ikiwa ni «kipuri hakijafika». Ukweli mchungu unavumilika kuliko ukimya.

Jambo la pili ni mamlaka. Karani wa dirishani anaona wazi kwamba ankara ina kosa, mita imesomwa 4,810 badala ya 4,180, lakini hana uwezo wa kuirekebisha mpaka fomu ipite kwa watu watatu. Mteja anamtukana yeye. Ombeni kiwango, tuseme hadi shilingi 50,000, ambacho karani anaweza kukisahihisha mwenyewe kwa picha ya mita na saini yake, kisha mhasibu akague sampuli ya marekebisho hayo kila wiki. Hackman na Oldham, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika mwaka 1976 kwamba kazi hupata uzito pale mtu anapotumia ujuzi mbalimbali, anapoiona kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho, anapojua inamgusa nani, ana nafasi ya kuamua, na anapata majibu ya alichokifanya. Pima kazi ya karani wako kwa mambo hayo matano, uone anakosa mangapi.

Bosi akishikilia lazima dhima iandikwe, mpe sharti moja: iwe sentensi ambayo msoma mita anaweza kuitumia kuamua jambo akiwa mtaani. «Ankara yenye utata haitumwi kabla mita haijasomwa upya» inatumika. «Kutoa huduma bora, endelevu na zenye viwango» haitumiki, na kila taasisi nchini tayari inayo.

Shikamooni. Ni muuguzi hospitali binafsi. Zamani niliuona uuguzi kuwa wito. Sasa mgonjwa akiniita napandwa na hasira. Nafanya zamu tano za usiku kwa wiki, saa 12 kila zamu. Mama anasema nimepoteza wito, nisali zaidi. – Muuguzi, Mwanza

Marahaba, binti yetu. Sala usiiache, ila shika na kalamu. Zamu tano za saa 12 ni saa 60 kwa wiki, saa 240 kwa wiki nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Jumla yake kwa wiki nne ni 230. Yapo makubaliano ya maandishi yanayoruhusu zamu ndefu za hadi saa 12, kwa hiyo kasome mkataba wako, lakini hata hayo hayahalalishi saa 60 kila wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hii, uchovu wa kazi uliopitiliza (burnout), katika uainishaji wake wa magonjwa wa ICD-11, si kama ugonjwa bali kama hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Ile ya tatu ndiyo mama yako anayoiita kupotea kwa wito. Mwenye dalili hizo akienda kutafuta maana mpya ya kazi hurudi amechoka zaidi, maana ameongeza kazi juu ya kazi.

Weka kumbukumbu ya zamu zako kwa wiki nne: saa ya kuingia, saa ya kutoka, wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi. Usiende peke yako kwa matroni, nendeni watatu au wanne na karatasi moja. Ombeni zamu za usiku zisizozidi tatu mfululizo, na tarehe za likizo, ambayo ni siku 28 kwa mwaka. Msiposikilizwa, nendeni tawi la chama cha wafanyakazi, na baada ya hapo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukipata mapumziko ya kweli ya wiki kadhaa na hasira bado ipo, au usingizi hauji na huzuni haiondoki hata siku za kupumzika, mwone daktari. Swali la wito liulize ukishalala vya kutosha.

Nakusanya madeni kwa kampuni ya mikopo ya simu, Nairobi. Nalipwa kamisheni. Tunaagizwa tuwapigie simu jamaa na bosi wa mdaiwa mpaka aaibike. Marafiki wananiambia nitafute maana katika kazi niliyo nayo. Roho inanisuta. – Msomaji, Kenya

Roho yako iko sawa, na marafiki zako wamekosea. Kazi yako ina maana unayoiona vizuri sana, nayo hutaki kuibeba.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa bila idhini. Mwandikie msimamizi wako barua pepe fupi, bila ukali: je, agizo hili linaendanaje na kanuni hizo? Hifadhi jibu. Lakini usichukue majina wala namba za wateja ukienda nazo nyumbani hata kama ni ushahidi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweza kukugeukia wewe. Malalamiko yapeleke kwa Kamishna wa Data au Benki Kuu.

Usiache kazi kwa hasira. Weka kando fedha za kodi na chakula za miezi mitatu, kisha toa notisi. Kwa mshahara wa mwezi ni siku 28 chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, isipokuwa mkataba wako unadai zaidi. Dai cheti cha utumishi. Ni haki yako ukiwa umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi.

Ujuzi wako una soko. Sacco zinahitaji maafisa wa mikopo wanaojua kukaa na mdaiwa na kupanga naye malipo, na huko wadhamini wanaopigiwa simu walisaini wenyewe kudhamini. Kwenye barua ya maombi andika ni mipango mingapi ya malipo uliyokubaliana na wateja ikatimizwa. Idadi ya simu ulizopiga iache.